Kijani cha Lunga Lunga

Tulifika kabla Gichohi hajafungua geti,
kwa sababu Syombua alisema injini huungama ikiwa baridi.
Ikishapashwa moto ni shahidi
aliyekwisha kunywa chai na mshtakiwa.

Nina miaka kumi na tisa ya usukani wa watu.
Mombasa, Malaba, Mombasa. Mgongo wangu ni shahidi.
Nina shamba la Matungulu lililogeuka karatasi za benki,
na mke aliyeniambia jana, akipiga pasi bila kuinua macho:
ukileta chuma cha kulala nje ya nyumba, utalala nacho.

Wanasema kizuri chajiuza.
Hapa Lunga Lunga kizuri hupigwa rangi kwanza,
tairi hupakwa dawa ya viatu,
kiti huvikwa nailoni
kana kwamba hakuna aliyewahi kukikalia na shida zake.

Cha kwanza kilikuwa chekundu. Moyo wangu ulitangulia mbio,
nikauita ukarudi.
Syombua aliweka kiganja juu ya injini.
"Vuguvugu."
Kuna mtu aliyeamka usiku kuja kukipasha.
Hakutaka hata kukisikia kikinguruma.

Cha pili, cheupe: namba ya bloku na ya logibuku
hazikuwahi kuonana.
"Moyo wa marehemu mwingine," akasema,
na Gichohi akacheka sana, akatafuta ufunguo mwingine.

Cha tatu kilikaa nyuma kabisa, kimeegemea ukuta,
kijani kilichochoka,
jina la kampuni iliyokufa likichungulia chini ya rangi.
Baridi kama sufuria ya jana.
Kilikohoa mara mbili, kikashika.
Moshi mweupe kidogo, kisha mwepesi, kisha hakuna.
Wala ule wa bluu, unaokula oili kimya kimya
kama mgeni wa wiki ya tatu.
Injini ikiunguruma, alifungua kifuniko cha oili,
akakipindua, akakilaza juu ya tundu.
Kilitetemeka tu. Hakikuruka.
Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule usio na kijiti.
"Lakini silinda hedi imewahi kufunguliwa.
Tazama boliti. Hizi nne si ndugu za hizi."

Mimi nilikuwa nimeshapanda ndani.
Nilishusha kizuia jua
na palikuwa na namba ya simu iliyokwaruzwa kwa msumari,
ya fundi wa tairi wa Voi,
saba yake imepinda
kwa sababu siku hiyo mkono ulikuwa na bandeji.

Mkono wangu.

Usiku ule, baada ya Mtito, mshale wa joto umelala kwenye wekundu
na meli inasubiri. Sikusimama.
Nilikibembeleza kwa maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu.
Alfajiri nikamwaga maji, nikafuta bloku kwa shati langu,
nikamwambia tajiri, geji yako mbovu.
Akanunua geji mpya.

Kwa hiyo kuna aliyekuja kulipia ufa ule.
Kuna dereva, labda, aliyefukuzwa kwa usiku wangu.

"Kilipikwa hiki," Syombua alisema kutoka chini. "Zamani.
Aliyekitengeneza alikuwa fundi. Aliyekipika hatutamjua."

Nilinyamaza hadi injini ikapata joto.
Kisha nikashuka, nikamwambia.
Aliniangalia jinsi anavyoangalia oili kwenye kidole,
akiisugua, akitafuta unga wa chuma.
"Basi chukua hiki," akasema.
"Vile vingine sijui uongo wao umelala wapi."

Gichohi alianzia milioni mbili na laki nane.
Tulimshusha hadi mbili na nne, saa saba, sote tuna njaa.
Alitaka kuniwekea kizuia jua kipya, bure, zawadi ya mteja.
Nikakataa kwa sauti iliyomshtua.

Jioni, Mlolongo, kabla ya mizani,
nilisimama kando bila sababu.
Mshale ulikuwa katikati.
Nikautazama tena.